Matundu kwenye malaika wa Blythburgh: ni askari, ni kunguru, au ni mdudu?

#1 Zamu ya Usiku
Wakuu salaam. Niko Ipswich, Uingereza, nafanya zamu za usiku kulea wazee. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, magoti yamegoma lakini ulimi bado mkali, kanisema mara tatu kwamba siwezi kudai naishi Suffolk kama sijaingia kanisa la Utatu Mtakatifu la Blythburgh. Jumamosi nikambeba shemeji yangu, tukashika barabara ya A12 kwenda kaskazini.

Kanisa lenyewe unaliona kabla hujaona kijiji. Limekaa juu ya kinamasi cha mto Blyth kama meli iliyopwelewa. Kijiji kina watu wa kuhesabika, kanisa lina ukubwa wa kutosha wilaya. Ndani hakuna mbwembwe: kuta nyeupe, sakafu ya matofali yaliyolika, vioo vyeupe, mwanga umejaa hadi unakunja macho. Halafu unainua kichwa. Dari lote ni mbao, bado lina mabaki ya rangi, maua na herufi za jina la Yesu, na katikati ya kila boriti kuna malaika wawili wamepeana migongo, mabawa wazi. Nilijaribu kuwahesabu, shingo ikakataa.

Sasa swali. Malaika wana matundu. Bibi yangu anasema ni risasi za askari wa Cromwell, yule kiongozi wa jeshi la Bunge lililompiga mfalme karne ya 17. Mzee aliyekuwa mlangoni akitoa vipeperushi akacheka, akasema walikuwa wanapiga kunguru. Nani mkweli? Nimeona humu kuna watu wa historia na mafundi, nisaidieni nikamjibu bibi.

#2 Nimekaa Pembeni
Uzi wa kanisa bila picha ni ubwabwa bila maharage. Picha mkuu.

#3 Kalamu ya Mzee
Bibi yako yuko karibu na ukweli lakini kakosea mtu. Aliyefika pale ni William Dowsing, mkulima wa Laxfield, Suffolk hiyo hiyo. Mwaka 1643 Bunge lilitoa amri ya kuondoa sanamu na picha makanisani, na Desemba ya mwaka huo Earl wa Manchester, jenerali wa jeshi la Bunge, akampa Dowsing hati ya kuzunguka. Cromwell wakati ule alikuwa ofisa chini ya huyo huyo Manchester, hana habari na dari la Blythburgh. Waingereza kila wakiona sanamu haina pua wanamsingizia Cromwell.

Uzuri ni kwamba Dowsing aliandika daftari. Alipita makanisa zaidi ya 250 ya Suffolk na Cambridgeshire, na Blythburgh yumo, tarehe 9 Aprili 1644. Anasema alikuta picha 20 za ushirikina, moja nje ya kanisa, mbili kwenye baraza la mlango na moja kwenye mnara. Akavunja maandishi matatu yanayoomba watu wawaombee marehemu. Akaagiza picha nyingine zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku nane, na makerubi 20 washushwe. Ndiyo maana leo vioo ni vyeupe. Mwanga unaousifia ni kidonda.

Ila katika daftari hilo hakuna neno bunduki.

#4 Mchimba Maneno
Alikuwa analipwa?

#5 Kalamu ya Mzee
@Mchimba Maneno kawaida shilingi 6 na peni 8 kwa kanisa, na wanaolipa ni wana-kanisa wenyewe.

#6 Mchimba Maneno
Yaani unavunjiwa na unatoa posho. Huyu angefaa kuwa mgambo wa jiji.

#7 Fundi Keko
Mimi ni seremala, historia nawaachia wenyewe. Naomba niseme kama mtu wa mbao.

Mkuu #1 ulisema umeona matundu. Ukubwa gani? Dari lile ni mwaloni. Mwaloni ukipata unyevu na ukungu unaingiwa na bungua mmoja hatari wa Uingereza, akitoka anaacha tundu la duara la kama milimita 3. Usiku anagonga kichwa kwenye mbao akimwita mwenzake, tik tik tik. Watu waliokuwa wakikesha na mgonjwa ndani ya nyumba kimya walikuwa wanamsikia, ndipo akapewa jina la kifo. Wewe unayekesha na wazee utanielewa.

Dari likivuja miaka mingi, bungua anakula mpaka anashiba. Mtu wa chini akitazama juu mita kadhaa, tundu la bungua na tundu la risasi yote ni nukta nyeusi tu.

Halafu kuna kitu mmekipita. Yale mabawa hayakuchongwa pamoja na mwili. Mti gani una upana huo? Ni vipande vya pembeni vilivyochomekwa kwenye mwili na kukazwa. Matundu mengine yanaweza kuwa ya vigingi vilivyodondoka.

#8 Zamu ya Usiku
@Fundi Keko umeniharibia usiku. Jengo letu ni la zamani na kuna kitu kinagonga ukutani saa nane. Nilijiaminisha ni bomba la maji.

Ukubwa sikupima, niko chini wao wako juu. Ila yapo makubwa kuliko milimita 3, na mengine yamekaa kundi kundi.

#9 Kobe Mpole
Kundi kundi ni marisawa hiyo, zile risasi ndogo ndogo za kuwindia. Marehemu babu yangu alikuwa na gobori kule Tunduru, anapiga kanga. Ukipiga mtini, gome linabaki na vidonda vilivyotawanyika namna hiyo. Risasi moja ya vita haitawanyiki, inaingia tundu moja tu na kutoka upande wa pili.

Na si kubahatisha: dari lilipokarabatiwa miaka ya 1970 walikuta risasi za madini ya risasi ndani ya mbao, za aina ya kuwindia ndege. Vitabu vya hesabu vya wazee wa kanisa wa karne ya 18 navyo vina malipo ya baruti na risasi kwa ajili ya kunguru. Mzee wa vipeperushi kashinda. Fungeni uzi.

#10 Nimekaa Pembeni
Haufungwi bila picha.

#11 Mwana wa Feri
Mtu wa Dar hawezi kumlaumu aliyepiga kunguru ndani ya kanisa. Hawa wetu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale taka, wakavuka bahari wenyewe, leo wanakunyang'anya chapati mkononi. Ningekuwa na gobori na ruhusa ya kasisi ningetoboa malaika wote.

#12 Kobe Mpole
@Mwana wa Feri wale wa Blythburgh si hawa wetu. Ni kunguru wadogo wenye kisogo cha kijivu na jicho jeupe, wanapenda kutaga kwenye minara na mabomba ya moshi. Anajaza vijiti hadi mlango wa kengele haufunguki. Lakini tabia ni ukoo mmoja.

#13 Kalamu ya Mzee
@Kobe Mpole usiwe na haraka ya kufunga. Hesabu za kunguru zinathibitisha kwamba karne ya 18 watu walipiga risasi. Hazithibitishi kwamba mwaka 1644 hawakupiga. Na kuna zile pete za chuma kwenye nguzo ambazo wenyeji wanasema askari walifungia farasi. Kama farasi waliingia, na bunduki ziliingia.

#14 Fundi Keko
Pete ya chuma kwenye nguzo inafungia farasi, ndiyo, inafungia pia kamba ya taa, pazia, ngazi, na mbuzi wa kasisi. Wewe mwenyewe umesema jamaa alipita makanisa 250. Mtu wa namna hiyo anaingia, anahesabu, anaandika, anachukua posho, anaondoka. Hana muda wa kufuga farasi humo.

#15 Binti Mkunazini
Salaam. Swali la mwanamke asiyejua bunduki: kwa nini malaika hawakushushwa? Katoa amri, kaandika, na bado wapo.

#16 Fundi Keko
@Binti Mkunazini gharama. Kuwafikia unahitaji jukwaa la mirunda kuanzia sakafuni, ulihamishe boriti baada ya boriti. Kuvunja kioo unahitaji jiwe na hasira. Wazee wa kanisa waliambiwa "washusheni", wakasema "tumesikia bwana", akaondoka, wakafunga mlango. Mimi mwenyewe nimeshaagizwa na mteja nibomoe kabati la ukutani, nikasema ndiyo, likapona hadi leo.

#17 Kalamu ya Mzee
Gharama ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba watu waliwapenda. Madari ya malaika ni fahari ya Uingereza ya mashariki, huwezi kuyakuta kwa wingi huo sehemu nyingine ya nchi. Kanisa la St Wendreda kule March, Cambridgeshire, lina zaidi ya 100 juu ya dari moja. Chanzo wengi wanakitaja kuwa ukumbi wa Westminster, ambao fundi wa mfalme Hugh Herland aliuezeka miaka ya 1390 kwa mihimili yenye malaika nchani. Blythburgh nao wakaiga dari lile lile.

#18 Fundi Keko
Mzee hapo nakurekebisha kwa heshima. Waliiga malaika, hawakuiga dari. La Westminster lina mihimili mifupi inayotoka ukutani na kuishia hewani, ndiyo malaika wanakaa kwenye ncha. La Blythburgh ni karibu bapa, boriti nzima zimevuka kutoka ukuta hadi ukuta na kunyanyuka kidogo katikati. Ndiyo maana malaika wako katikati na wamepeana migongo. Kazi mbili tofauti kabisa.

Na hiyo boriti ya kuvuka kanisa zima si mchezo. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina kikomo chake. Wale wenzetu walikuwa na mialoni.

#19 Kalamu ya Mzee
Nimekubali, fundi. Nilichanganya.

#20 Mchimba Maneno
Piga picha skrini. Mzee Kalamu amekubali kitu humu.

#21 Pwani Raha
Mie nashangaa mnazungumza kunguru kurasa nzima na hamna aliyemtaja mbwa. Nimesoma habari za kanisa hilo nikiwa Mombasa hapa hapa. Mlango wa kaskazini una alama za kuungua, ndefu nyembamba, na wenyeji wanaziita alama za vidole vya shetani. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wako kwenye ibada, radi, giza, mbwa mweusi akaingia mbio, akaua watu, akatoka kwa mlango huo na kuuchoma kwa kucha. Siku iyo hiyo alionekana Bungay, mji wa jirani. Zamu ya Usiku, ulipita pale na hukuuona mlango?

#22 Zamu ya Usiku
Niliuona. Nilidhani mtu alizimishia sigara hapo. Shemeji ndiye aliyeweka kidole, nikamwambia toa mkono, hujui ilikotoka.

#23 Mwana wa Feri
Popobawa wa Suffolk. Pemba 1995 watu walilala nje kibarazani wamejipanga kama samaki wa kukaangwa. Hawa wakamkimbilia mwandishi.

#24 Kalamu ya Mzee
Habari ya mbwa ilitoka kwenye kijitabu cha Abraham Fleming, kilichochapwa London mwaka huo huo wa 1577. Fleming alikuwa mtu wa vitabu wa London, sijui nani aliyemsimulia lakini alijua kinachouzika. Anasema Blythburgh mbwa aliua wanaume wawili na kijana mmoja, akamuunguza mwingine mkono. Taarifa nyingine ya zama zile, ya wanahistoria wa Holinshed, walioandika kitabu cha historia ya Uingereza, inaitaja radi iliyopasua mlango, inataja maiti wawili, mtu mzima na kijana wa miaka 15. Mbwa hayumo. Bungay nako kitabu cha parokia kimeandika John Fuller na Adam Walker waliouawa na tufani, mnarani, wakati wa sala. Mbwa hayumo.

Kwa hiyo radi ilipiga kweli, mnara ulipoteza kilele chake kweli, kikaangukia paa. Mbwa ni chai.

#25 Pwani Raha
Chai ya miaka 400 na ushee si chai, ni supu.

#26 Kobe Mpole
@Kalamu ya Mzee radi inapasua, haichori vidole. Radi iliwahi kupiga mwembe wetu, ilibandua gome kutoka juu hadi chini kama mtu anayemenya muhogo. Alama ndogo ndogo zilizojitenga siyo kazi yake.

#27 Mfuta Vumbi
Habari. Nafanya usafi kwenye nyumba moja ya makumbusho kule Norfolk, nyumba ya boriti za mwaloni, na alama kama hizo zipo tele: kando ya meko, kwenye vizingiti, hata chumba cha juu ambako hakuna aliyewahi kuwasha moto. Umbo la chozi, chini pana, juu limechongoka. Watafiti walijaribu kuzitengeneza kwa mshumaa. Mshumaa ukiangukia mbao unaacha doa la masizi linalofutika. Ili upate tone lililozama ndani ya mwaloni unashika mwali kwa pembe, dakika kadhaa, unakwangua mkaa, unarudia. Maana yake mtu alisimama pale akikusudia.

Walichokusudia ndiyo mabishano. Wengi wanasema ni kinga: kuuchanja mlango kwa moto ili moto mkubwa usije, kama watu walivyokuwa wakichanjwa ndui. Wengine wanasema ni mishumaa iliyobarikiwa ya sikukuu, ukiileta nyumbani unagusa nayo mlango.

#28 Mwana wa Feri
Hirizi ya mbao.

#29 Fundi Keko
@Mfuta Vumbi nakuheshimu lakini jaribio la mtu mwenye saa mkononi ni kitu kimoja, mlango wa miaka mia tano ni kitu kingine. Mama yangu alikuwa na koroboi, anaitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jiko kila siku tangu naanza darasa la kwanza. Fremu ilikuwa na alama iliyochimbika, inaingia ncha ya kidole, umbo hilo hilo la chozi. Hakuna aliyekusudia chochote. Tulikuwa tunataka kuona ugali.

#30 Mfuta Vumbi
Alama ngapi, fundi?

#31 Fundi Keko
Moja.

#32 Mfuta Vumbi
Basi.

#33 Pwani Raha
😂😂 Fundi kapigwa randa.

Ila mie naongeza. Ni mlango wa KASKAZINI. Makanisa mengi ya kale ya Kiingereza wenyeji huuita mlango huo mlango wa shetani, wanasema mtoto akibatizwa uliachwa wazi ili pepo atoke. Wengine wanasema ni uongo wa baadaye, ulikuwa mlango wa maandamano ya sikukuu tu, desturi ikafa, mlango ukabaki hauna kazi, watu wakauvalisha hadithi. Kwetu milango ya kale ina nakshi ya minyororo kwenye fremu, uliza wazee watatu maana yake upate majibu matatu: kinga, utumwa, urembo.

#34 Zamu ya Usiku
Naona mmehama dari mko mlangoni. Acha niwape jambo jingine nililoliona kwa karibu maana hili halihitaji shingo. Mabenchi. Kila ubavu wa benchi upande wa njia una mtu amechongwa kichwani mwake, kimo cha mkono, ni wa karne ya 15, wamelainika kwa kushikwa. Kuna mlafi ameshika tumbo lake kama pakacha. Mchoyo kakalia sanduku la pesa. Mnafiki anasali huku amefumbua macho. Msengenyaji ulimi nje. Kuna wengine wa mashamba, wa kupanda na kuvuna. Nilikaa kwenye benchi la mlafi, shemeji akasema limepata mwenyewe.

Na kuna mtu amelala kitandani, shuka hadi kidevuni. Kipeperushi kinasema ni uvivu.

#35 Binti Mkunazini
Au ni mgonjwa. Kama kuna dhambi saba kuna na matendo ya huruma, na mojawapo ni kumtembelea mgonjwa. Aliyelala akiwa mmoja peke yake utajuaje kama ni mvivu au anaumwa?

#36 Mchimba Maneno
Hilo swali bosi wangu hulijibu kila Jumatatu bila kusita.

#37 Kalamu ya Mzee
@Binti Mkunazini hoja yako ina nguvu maana yupo na mwingine aliyebanwa miguu kwenye mkatale. Kipeperushi kitakwambia mlevi. Lakini kumtembelea mfungwa nako ni tendo la huruma. Huenda zilikuwa seti mbili, zikachanganywa mabenchi yalipohamishwahamishwa, na leo wote wanahesabiwa wenye dhambi.

#38 Zamu ya Usiku
Kama yule wa kitandani ni mgonjwa basi ni mgonjwa wangu. Uso ule wa "nani kafungua dirisha" nauona kila saa kumi na moja alfajiri.

#39 Kobe Mpole
Kisima cha ubatizo hukukiona? Nyuso zote zimekatwa. Hapo ni Dowsing bila ubishi.

#40 Kalamu ya Mzee
Ubishi upo. Kumbuka 1577 kilele cha mnara kiliporomoka kupitia paa upande wa magharibi, na kisima kiko upande huo. Halafu karibu miaka mia moja kabla ya Dowsing, enzi za mfalme Edward VI, kulikuwa na uvunjaji mwingine mkubwa tu ambao hakuna aliyeuandikia daftari. Dowsing anabebeshwa mizigo kwa sababu alijua kusoma na kuandika.

#41 Fundi Keko
Jiwe lililoangukiwa linavunjika popote. Lililokatwa uso tu na mabega yakabaki, hilo limekutana na patasi.

#42 Zamu ya Usiku
Kuna na kibwana cha mbao, kirefu cha kiasi, kimevaa deraya, ndevu, shoka mkononi, tarehe yake 1682. Zamani kilikuwa cha saa. Sasa ibada ikitaka kuanza mtu anavuta kamba, kibwana kinageuza kichwa na kugonga kengele. Mzee wa mlangoni alitugongea mara moja. Shemeji aliruka.

Na viti vya kwaya vina matundu ya vidau vya wino, maana watoto waliwahi kusomeshwa humo. Mmoja kachonga jina lake: Dirck Lowersen van Stockholm, 1665, umri 12.

#43 Mwana wa Feri
Matundu tena! Hao nao walipigwa na kunguru?

#44 Pwani Raha
Dirck ni jina la Kiholanzi, Stockholm ni Uswidi. Mtoto alikuwa wa wapi?

#45 Kalamu ya Mzee
Wengi humwita Mholanzi. Suffolk inatazamana na Uholanzi, bahari tu katikati, mabaharia waliingia na kutoka. Lakini yeye mwenyewe kaandika Stockholm, na mtoto wa miaka 12 huwa anajua kwao.

#46 Mchimba Maneno
Angeandika hivyo kwenye dawati la shule yetu angekula viboko sita, Mholanzi au Mswidi.

#47 Binti Mkunazini
Naomba niwarudishe nyumbani dakika moja. Askofu Edward Steere, huyu aliyetutungia sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, kabla hajaja Zanzibar mwaka 1864 alikuwa kasisi wa kanisa dogo la kijijini, Little Steeping, Lincolnshire. Askofu Tozer aliyekuja naye alitoka Burgh le Marsh, jirani hapo hapo, nchi ya vinamasi kama ya huyu kaka. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, kwenye soko la watumwa, na Steere kazikwa nyuma ya altare.

Nikiwa mdogo nilikuwa nawasikia waongozaji watalii wakionyesha nguzo za pale penye ubatizo: zimesimama kichwa chini. Wanasema Steere alisafiri, mafundi hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kinyume. Aliporudi akaziacha.

#48 Fundi Keko
Mafundi walijua. Walikuwa wanadai.

#49 Kobe Mpole
Hahaha. Hiyo ndiyo tafsiri sahihi kuliko zote humu.

#50 Mfuta Vumbi
Kuhusu paa kuvuja aliyosema fundi #7, ni kweli kabisa. Mwaka 1881 kanisa la Blythburgh lilifungwa na askofu kwa sababu ya hatari. Kabla ya hapo waumini walifungua miavuli ndani ya ibada. Halafu likazuka zogo kati ya kamati ya kijiji na chama cha William Morris cha kutetea majengo ya kale, kilichoanzishwa 1877. Kamati wanataka kutengeneza liwe jipya, Morris na wenzake wanasema zibeni paa, msiguse kingine. Zogo lilichukua miaka. Ndiyo maana hata leo linaonekana limechoka kwa uzuri.

#51 Mwana wa Feri
Miavuli ndani ya kanisa sisi tunaijua. Kigango chetu bati liliondoka na upepo, padre akahubiri juu ya Nuhu kwa makusudi. Sadaka ya siku hiyo ilivunja rekodi.

#52 Mchimba Maneno
Ila kijiji cha watu wa kuhesabika kilijengaje kitu kikubwa hivyo? Nani alitoa hela?

#53 Kalamu ya Mzee
Wanaosema ni watawa wanataja kibali cha mfalme Henry IV cha 1412 kwa wakanoni wa Kiaugustino waliokuwa na nyumba yao hapo. Wanaosema ni wananchi wanataja utaratibu wa zamani: sehemu ya altare inajengwa na anayekula zaka, sehemu ya waumini inajengwa na waumini. Zaka walikula wakanoni. Blythburgh wakati ule haikuwa kijiji, meli zilipanda mto hadi pale. Mto ukajaa tope, meli zikakua, watawa wakafukuzwa 1537, mji ukasinyaa kanisa likabaki na saizi yake ya ujana. Mnara ni mkongwe zaidi, wa karne ya 14.

Kwa nje, ukuta wa mashariki chini ya dirisha, kuna herufi za jiwe la gumegume: A N JS B S T M S A H R. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea, ina gumegume, wakaipasua na kuipanga kama nakshi.

#54 Pwani Raha
Zina maana gani?

#55 Kalamu ya Mzee
Tafsiri ya kawaida ni Kilatini kilichofupishwa, kwamba kanisa limejengwa upya kwa jina la Yesu na kwa heshima ya Utatu, Maria na Anna. Lakini ukipewa herufi moja moja unaweza kusomesha unachotaka.

#56 Mwana wa Feri
Ni namba ya usajili ya yule mbwa.

#57 Zamu ya Usiku
Wakuu asanteni. Nilimsomea bibi uzi wote kwa Kiingereza changu cha kuunga. Nilipofika kwenye kunguru akanyamaza, kisha akasema marehemu mumewe naye alikuwa anadai kunguru, na alibishana naye juu ya hilo miaka arobaini, hawezi kukubali sasa. Amesisitiza ni askari.

Jumapili nilirudi na darubini ya kuazima. Nimeona matundu makubwa, nimeona madogo kama ya bungua, na malaika mmoja ana ufa mrefu kwenye bawa ambao si wa chochote mlichotaja.

#58 Fundi Keko
Ufa huo ni mbao iliyochongwa mbichi ikakaukia juu. Mlangoni je? Zile alama zinaanzia kimo gani kutoka sakafuni? Zikiwa kimo cha mkono wa mtu mzima namkabidhi dada Mfuta Vumbi ushindi.

#59 Zamu ya Usiku
Sikupima. Nilipiga picha lakini, naiweka hapa.

#60 Nimekaa Pembeni
Hatimaye! ... Mkuu, hii ni kofia.

#61 Zamu ya Usiku
Ni ya shemeji. Mlango uko nyuma yake.